Kuchambua mbio za farasi za siku na kuchagua wenye nafasi ya kushinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu mtu mzima anayeketi asubuhi na orodha ya mbio za siku, mashindano sita, saba au nane kwenye uwanja mmoja, akitaka kujua farasi yupi ana nafasi ya kweli na kwa nini. Yamepangwa jinsi ninavyofanya kazi mwenyewe: shindano kwanza, farasi baadaye, odi (bei ambayo kampuni ya kubeti inampa kila farasi) mwisho kabisa. Ukianza na odi utajikuta unatafuta sababu za kumtetea farasi uliyeshamchagua kwa bei yake.

Nina mashindano manane mbele yangu. Nianze na lipi?

Anza kwa kufuta. Futa shindano ambalo nusu ya farasi hawajawahi kukimbia, kwa kuwa hakuna cha kusoma. Futa hendikapu (shindano ambamo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi) ya mwendo mfupi yenye farasi ishirini na zaidi kama huujui uwanja huo. Futa pia lile la farasi wanne ambamo mmoja ana odi ya 1.20, huenda akashinda, lakini uchambuzi wako hautaongeza chochote. Yatabaki mawili au matatu, na hayo ndiyo kazi ya siku. Mbashiri anayetaja mshindi wa kila shindano, kila siku, anajaza nafasi tu.

Kwenye yaliyobaki, soma masharti kabla ya kusoma majina: umbali, aina na hali ya ardhi, daraja, umri unaoruhusiwa, namna uzito ulivyopangwa, idadi ya farasi. Watu wengi huruka mistari hiyo midogo ya juu na kukimbilia jina walilowahi kulisikia. Masharti ndiyo yanayokuambia shindano hili linataka farasi wa namna gani. Ukishajua hilo, orodha ya farasi kumi na wawili mara nyingi hupungua ikawa ya watano kabla hujaangalia joki (mpanda farasi) wala odi.

Zile tarakimu na herufi karibu na jina la farasi zinasomwaje?

Kwenye orodha za Uingereza na Ireland, matokeo huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, na la mwisho kulia ndilo la karibuni. Tarakimu 1 hadi 9 ni nafasi aliyomaliza, na 0 ni ya kumi au nyuma zaidi. Kistari (-) hutenganisha msimu mmoja na mwingine. Mkwaju (/) huonyesha pengo refu zaidi. Kwa hiyo 0/32-41 ni farasi aliyewahi kumaliza nyuma sana, akakaa nje muda mrefu, akarudi na kushika nafasi ya tatu na ya pili, kisha msimu huu akawa wa nne na mara ya mwisho akashinda.

Kwenye mbio za kuruka utaona herufi pia. F ni aliyeanguka, U ni aliyemwangusha joki wake, B ni aliyeangushwa na mwenzake, P ni aliyesimamishwa na joki kabla ya kumaliza, R ni aliyegoma. Tofauti ya F na B ni kubwa: wa kwanza huenda haruki vizuri, wa pili hakuwa na kosa.

Pembeni ya jina, C ina maana ameshawahi kushinda kwenye uwanja huu, D ameshinda kwa umbali huu, CD amefanya yote mawili katika shindano moja. BF ni farasi aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote mara ya mwisho akashindwa. Hiyo BF naipenda. Inanieleza kwamba siku chache zilizopita watu wengi walikuwa na sababu ya kumwamini, na inabaki kazi yangu kutafuta kilichomwangusha.

Farasi aliyemaliza wa sita anaweza kuwa bora kuliko aliyeshinda?

Anaweza, na hapa ndipo wachambuzi hutofautiana na wasomaji wa tarakimu. Nafasi ya sita kwenye shindano la daraja la juu, akiwa ameachwa kwa urefu wa farasi watatu tu, inaweza kuwa kazi nzuri kuliko ushindi wa daraja la chini dhidi ya farasi wachovu. Usiangalie nafasi pekee. Angalia aliachwa kwa umbali gani, na nani.

Kisha itazame mbio yenyewe upya kama picha zake zipo. Tafuta farasi aliyekosa njia mita 400 za mwisho, aliyelazimika kupita nje kabisa kwenye kona, aliyechelewa kutoka getini, au aliyekimbia kwenye ardhi asiyoipenda. Matatizo hayo hayaonekani kwenye tarakimu, na umma husahau haraka. Ila kuwa na kiasi: farasi ambaye kila mara "ana bahati mbaya" huenda ni mzito wa kuondoka getini au mwoga wa kupenya katikati ya wenzake, na kasoro hiyo atakwenda nayo kokote.

Hali ya ardhi ina umuhimu gani?

Kwa mbio za nyasi, ningeitaja kabla ya kitu kingine chochote. Farasi yule yule anaweza kuwa bingwa kwenye nyasi kavu na wa kawaida kabisa kwenye tope. Mwenye hatua fupi na ya haraka, anayeinua magoti juu, mara nyingi hustahimili ardhi laini. Mwenye hatua ndefu inayoteleza karibu na ardhi huhitaji uwanja mkavu ili hatua hiyo imsaidie. Uzito wa mwili na umbo la kwato navyo vinahusika.

Kila nchi ina lugha yake ya kueleza ardhi. Uingereza hutumia ngazi za maneno kuanzia ngumu, kavu, nzuri, laini hadi nzito, na ngazi za kati baina ya hizo. Australia hutumia namba 1 hadi 10: 1 na 2 ni kavu, 3 na 4 ni nzuri, 5 hadi 7 ni laini, 8 hadi 10 ni nzito. Marekani mashindano mengi makubwa hufanyika kwenye udongo, ambako mvua hugeuza mambo kwa namna nyingine: udongo uliolowa na kujaa maji juu unaweza kubaki na kasi chini yake, wakati ule unaoanza kukauka hushika miguu. Viwanja vya mchanga uliochanganywa na nyuzi na nta hubadilika kidogo tu, ndiyo maana matokeo ya humo huaminika zaidi ukiyalinganisha na ya humo humo.

Makosa mawili hurudiwa kila msimu wa mvua. La kwanza ni kusoma ripoti ya asubuhi na kutorudi tena. Mvua ya saa mbili inaweza kubadilisha ardhi baada ya shindano la tatu. Tazama muda wa mshindi wa mashindano mawili ya mwanzo ukilinganisha na muda wa kawaida wa umbali huo, utajua ardhi ikoje kuliko tangazo lolote. La pili ni kusema "farasi huyu hapendi tope" kwa sababu ya siku moja aliyofanya vibaya kwenye tope. Siku moja haitoshi. Ukiwa na mbio tatu nne zinazosema jambo lile lile, hapo una ushahidi.

Umbali nao?

Uingereza na Marekani hupima kwa maili na fulongi. Fulongi moja ni kama mita 201, na nane zinafanya maili moja. Farasi wa mwendo mfupi hukimbia mita 1000 hadi 1200, na Melbourne Cup ya Australia ni mita 3200. Farasi wengi wana mahali pao katikati, na mabadiliko ya mita 200 yanatosha kumwinua au kumzamisha.

Dalili ya anayehitaji umbali zaidi ni kumaliza akiwa anaongeza kasi wakati wenzake wanapungua. Dalili ya anayehitaji umbali mfupi ni kuongoza hadi mita 200 za mwisho kisha kupitwa na farasi wawili watatu. Kwa farasi mchanga ambaye hajajaribiwa, tazama baba na mama yake. Watoto wa Galileo, aliyeshinda Derby ya Epsom mwaka 2001, kwa jumla walifahamika kwa kustahimili umbali, na hiyo ni taarifa ya kweli unapoona mtoto wa ukoo huo akipandishwa kutoka mita 1600 hadi 2400 kwa mara ya kwanza.

Umbo la uwanja pia huongeza au kupunguza umbali. Cheltenham humaliza kwa mlima, kwa hiyo inamtaka farasi mwenye pumzi kuliko karatasi inavyosema. Epsom hushuka kwa kasi kuelekea kona ya Tattenham, na farasi asiye na usawa mzuri wa mwili hupoteza hatua pale hata kama ana nguvu kuliko wote.

Hendikapu ni nini, na je, uzito kweli hubadilisha mshindi?

Hendikapu ni shindano ambamo ofisa maalumu humpa kila farasi uzito kulingana na kiwango chake (namba ya ubora wake), ili kwa nadharia wote wafike pamoja. Uingereza, farasi mwenye kiwango cha 85 hubeba pauni 10 zaidi ya mwenye 75. Akishinda, kiwango hupanda. Akifanya vibaya mara kadhaa, hushuka.

Uzito hubadilisha mshindi. Mfano ninaourudia kila nikiulizwa ni Grand National, mbio kubwa ya kuruka vizuizi ya Uingereza, ya mwaka 1973 pale Aintree. Crisp aliwaacha wenzake mbali kabisa, akaonekana hashikiki, lakini alikuwa amebeba pauni 23 zaidi ya Red Rum, zaidi ya kilo 10. Kwenye mita za mwisho miguu ya Crisp iliisha, na Red Rum akampita na kushinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Hakuna aliyeitazama mbio ile anayeweza kusema Crisp alikuwa farasi dhaifu kuliko mshindi siku hiyo.

Kanuni ya kukadiria ni hii: kwenye mbio ndefu, pauni moja huhesabiwa kama urefu wa farasi mmoja, kwenye mbio fupi za mita 1000, urefu mmoja ni kama pauni tatu. Kwa hiyo kama farasi A alimshinda B kwa urefu mmoja kwenye mita 1000, na leo A anabeba pauni 5 zaidi kuliko siku ile huku B akibaki palepale, hesabu inamwelekea B. Ni kadirio tu, lakini linakuzuia kurudia matokeo ya jana kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Ninachokitafuta kwenye hendikapu ni farasi ambaye kiwango chake hakijamfikia bado. Mara nyingi ni kijana wa miaka mitatu au minne aliyekimbia mara chache, anayepewa umbali mpya au ardhi inayomfaa kwa mara ya kwanza. Mwingine ni mzee aliyeshuka kiwango hadi chini ya kile alichowahi kushinda nacho, na ameanza kuonyesha dalili za uhai. Huyu wa pili anahitaji subira; kushuka peke yake hakumponyi farasi.

Namba ya geti la kuanzia inahesabika?

Inategemea uwanja na umbali. Chester ni uwanja mdogo wa mviringo, mzunguko wake unazidi maili moja kidogo tu, na farasi huwa kwenye kona karibu muda wote. Kwenye mbio fupi pale, geti la ndani ni faida kubwa na la nje kabisa ni mzigo. Kwenye njia iliyonyooka na pana, namba haina maana yenyewe. Kinachohesabika ni upande upi una ardhi bora siku hiyo na upande upi una farasi wa kuongoza kasi. Tazama mashindano ya mwanzo uone washindi wanapita wapi.

"Kasi ya mbio" ni nini, na kwa nini wachambuzi wanaitaja sana?

Kwa sababu shindano lile lile, farasi wale wale, linaweza kutoa washindi wawili tofauti kulingana na nani anaongoza na kwa mwendo gani. Hili ndilo eneo ninalolipenda kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa zaidi na umma.

Wagawe farasi katika makundi matatu: wanaoongoza, wanaofuata karibu, wanaovizia nyuma. Maelezo ya mbio zao za nyuma yatakuonyesha kila mmoja ni wa wapi. Sasa hesabu wanaoongoza. Akiwa mmoja tu, na hakuna wa kumsumbua, atapunguza mwendo katikati bila kushinikizwa na yeyote, atapumzika, na mita 400 za mwisho atakuwa bado na nguvu. Wanaovizia nyuma watalazimika kumfukuza farasi asiyechoka. Wakiwa wanne au watano, kila mmoja akitaka nafasi ya mbele, watauana mapema na shindano litawaangukia wa nyuma.

Kentucky Derby ya Marekani ya mwaka 2022 ilikuwa hivyo. Robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, mwendo wa kujimaliza kwa mbio za maili moja na robo. Rich Strike, aliyeingizwa shindanoni siku moja tu kabla baada ya farasi mwingine kuondolewa, alitoka geti la 20 la nje kabisa, akatulia nyuma, akapenya ndani na kuwapita viongozi waliochoka. Alilipa 80 kwa 1. Siwezi kusema mchambuzi angemtaja kuwa mshindi. Lakini aliyeona mapema kwamba mbele kungekuwa na vita alikuwa na sababu ya kuwakwepa wa mbele na kutazama nyuma.

Upande wa pili wa sarafu ni farasi jike Zenyatta. Alikuwa ameshinda mbio zote 19 alipoingia Breeders' Cup Classic ya mwaka 2010 huko Churchill Downs, na mtindo wake ulikuwa ule ule wa kubaki nyuma kabisa kisha kuwafagia wote mwishoni. Siku hiyo aliachwa mbali mno mwanzoni, akaja kwa nguvu ya kutisha, akakosa kwa kichwa tu nyuma ya Blame. Anayevizia nyuma huhitaji msaada wa mwendo na wa njia, na hata aliye bora kuliko wote siku moja hukosa vyote viwili.

Nimfuate joki au mkufunzi?

Mkufunzi kwanza. Yeye ndiye anayechagua shindano, anayejua afya ya farasi, na anayeamua lini awe tayari. Banda lote linapofanya vizuri kwa wiki mbili tatu, mara nyingi farasi wake wana afya. Likiwa limetoa farasi wengi waliomaliza hoi, huenda kuna maradhi yanayozunguka hata kama hakuna tangazo.

Kwa joki, nazingatia mabadiliko. Joki mkubwa aliyesafiri mbali kwa ajili ya farasi mmoja tu siku hiyo ni dalili njema. Banda lenye farasi wawili kwenye shindano moja hueleza jambo kwa farasi ambaye joki wake wa kawaida amemchagua, ingawa majoki nao hukosea. Usimdharau mwanafunzi: Uingereza joki anayejifunza kwenye mbio za tambarare (zisizo na vizuizi) hupunguziwa pauni 7, kisha 5, kisha 3 kadiri ushindi wake unavyoongezeka. Kijana mwenye kipaji ambaye bado anapunguziwa pauni 7 ni faida halisi, na hudumu muda mfupi tu.

Vidoto vya macho na vifaa vingine vina maana?

Mara ya kwanza, ndiyo. Vidoto humzuia farasi kutazama nyuma na pembeni, vikamfanya akaze mawazo mbele. Kwa mvivu vinaweza kumwamsha, kwa mwenye hasira vinaweza kumfanya avute mno na kumaliza nguvu mapema. Kamba ya ulimi husaidia upumuaji. Mara ya tano na ya sita kifaa hicho hicho hakikuambii kitu kipya.

Farasi aliyekaa miezi mingi bila kukimbia?

Tazama mkufunzi wake anavyofanya na farasi wanaorudi. Wengine huwaleta wakiwa tayari kabisa. Wengine hutumia mbio ya kwanza kama mazoezi. Hong Kong na Japani hutangaza uzito wa mwili wa kila farasi kabla ya mbio, msaada mkubwa sana: aliyerudi akiwa ameongezeka kilo nyingi kuliko siku alizoshinda pengine anahitaji mbio moja zaidi.

Mbio za viunzi zichambuliwe kwa namna tofauti?

Mambo mengi ni yale yale, ila ongeza kuruka na ongeza pumzi. Farasi anayeruka vizuri hupata urefu mmoja au miwili kila kizuizi bila kutumia nguvu. Anayekosea huchoka hata asipoanguka.

Na kubali kwamba ajali ni sehemu ya mchezo. Mwaka 1967, kwenye kizuizi cha 23 cha Grand National, farasi waliorundikana walizuia karibu kundi zima, na Foinavon aliyekuwa nyuma sana akapata pengo, akaruka na kushinda kwa 100 kwa 1. Kizuizi hicho sasa kinabeba jina lake. Tangu mwaka 2024 shindano hilo lina farasi wasiozidi 34 badala ya 40, na hilo linapunguza msongamano, ingawa haliondoi bahati.

Nikiwatazama farasi wakitembezwa kabla ya mbio, nitafute nini?

Hatua ndefu na legevu, kichwa kilichotulia, ngozi inayong'aa, misuli ya nyuma iliyojaa. Jasho jembamba shingoni siku ya joto ni kawaida. Povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, mkia unaopigwa ovyo na farasi anayemburuta mtunzaji wake ni dalili kwamba nguvu zinaishia pale kabla ya shindano. Linganisha na tabia yake ya siku zote. Wengine hutoka jasho hivyo na bado hushinda.

Nitajuaje kama odi ni nzuri?

Geuza odi iwe asilimia: gawa 100 kwa odi ya desimali. Odi ya 4.00 ni asilimia 25, ya 10.00 ni asilimia 10. Sasa jumlisha za farasi wote. Tuseme kuna sita wenye odi za 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00 na 20.00. Asilimia zao ni 40, 25, 20, 12.5, 10 na 5, jumla 112.5. Nafasi halisi haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo zile 12.5 za ziada ndizo chakula cha kampuni. Ukibeti bila uchambuzi, unalipa sehemu hiyo kila mara.

Ndiyo maana naandika makadirio yangu kabla ya kufungua odi. Nikiona farasi ana nafasi ya asilimia 30 kwa maoni yangu, nahitaji odi inayozidi 3.33. Akiwa 4.50, naweza kumchukua. Akiwa 2.60 namwacha, hata kama ndiye ninayeamini atashinda. Kumwacha farasi unayemwamini ni kugumu, na bila nidhamu hiyo uchambuzi wote wa juu hauna faida.

Kumbuka pia mfumo wa dau la pamoja, ulioanzishwa na Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860 na unaotumika Ufaransa, Marekani na Hong Kong. Humo odi haifungwi hadi madau yafungwe. Unayoiona dakika kumi kabla inaweza kushuka nusu.

Anayepewa nafasi kubwa zaidi hushinda mara ngapi?

Kwa jumla karibu theluthi moja ya mashindano. Maana yake umma si mjinga, na maana yake pia mara mbili katika tatu mshindi ni mwingine. Kumfuata yeye tu kila siku hakutoshi kufidia ile sehemu ya kampuni.

Nikiunganisha farasi watano kwenye mkeka mmoja?

Kila mmoja akiwa na nafasi ya asilimia 40, ambayo ni kubwa, wote watano kushinda ni kama asilimia 1. Kila mguu unaouongeza unabeba pia sehemu ya kampuni, kwa hiyo hasara inazidishwa. Mkeka wa namna hiyo huchanika karibu kila mara. Chagua mmoja, weka dau ambalo hata likipotea halitagusa chakula wala kodi ya nyumba, na usiongeze dau kufukuza lililopotea. Ukiona unakopa au unaficha madau yako kwa watu wa nyumbani, acha na utafute msaada.

Wanaouza "uhakika" mtandaoni?

Usiwalipe. Hakuna uhakika kwenye mbio za farasi, na mwenye taarifa ya kweli hana sababu ya kuigawa kwa maelfu, kwani odi ingeanguka kabla yeye mwenyewe hajafaidika. Wengi wao huwatumia watu tofauti farasi tofauti, kisha huonyesha risiti ya aliyebahatika.

Nitajuaje kama ninaboreka?

Weka daftari: tarehe, shindano, farasi, sababu kwa sentensi moja, odi uliyochukua, odi aliyoanza nayo, matokeo. Linganisha odi uliyochukua na ile ya mwanzo wa mbio. Kama kwa muda mrefu ulichukua 6.00 na farasi wanaanza wakiwa 4.50, unaona mambo kabla ya umma hata kama wiki hii hukushinda. Kama ni kinyume chake, ushindi wa wiki hii ulikuwa bahati.

Farasi akiondolewa dakika za mwisho, nifanye nini?

Anza kulichambua shindano upya, hasa ramani ya kasi, yaani nani ataongoza na nani atafuata. Akiondoka mmoja kati ya waongozaji wawili, aliyebaki anapata njia ya peke yake, na hilo linaweza kumgeuza kutoka farasi wa nne kuwa wa kwanza.

Kisha tazama dau lako. Uingereza na Ireland, ukiwa umeshachukua odi kabla ya kuondolewa kwake, ushindi wako hukatwa kulingana na bei ya aliyeondoka. Akiwa ndiye aliyepewa nafasi kubwa mno, makato yanaweza kufika peni 90 kwa kila pauni. Na kama umebeti ushindi na nafasi (dau linalolipa pia farasi akimaliza katika nafasi za mbele bila kushinda), hesabu wanaobaki. Kwa masharti ya kawaida, wanane hulipa nafasi tatu. Wakiwa saba, zinalipwa mbili tu. Shindano la farasi wanane kamili mara nyingi huvutia kwa dau la nafasi, na mmoja akikosekana hesabu yote inabadilika, kwa hiyo kama hujaweka dau bado, subiri mpaka farasi wafike getini.